Saa ya kengele huchaguliwa mgongoni, si usoni

Mtu anayeanza kukusanya saa ndogo za ufunguo hununua uso. Anavutiwa na tarakimu nene, mishale iliyochongoka na kasha la nikeli, analipa. Nyumbani anaitia ufunguo mpaka mwisho, saa inapiga dakika chache kisha inanyamaza, na jirani anamwambia: "Umeijaza kupita kiasi." Maneno hayo yamezisingizia saa nyingi. Kamani, ule utepe wa feleji unaohifadhi nguvu, ikijaa imejaa, basi. Saa ikisimama huku kamani imejaa, ujue nguvu inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi. Inapotelea kwenye mafuta yaliyoganda, kwenye matundu yaliyojaa uchafu, au kwenye ncha mbili za mhimili wa balansi yenyewe. Hizo ncha mbili ndizo ningependa kila mkusanyaji azijue kabla hajajua jina la kiwanda chochote.

Nazungumzia saa za kengele za mezani, zile zilizokaa kando ya kitanda kabla ya betri na simu, zenye funguo mbili mgongoni, mmoja wa saa na mwingine wa kengele. Ndizo zilizowaamsha watu daku na zamu za alfajiri. Wakusanyaji wenye fedha huzipita, wakakimbilia saa za Kifaransa za kusafiria zenye kuta za kioo na mpini juu. Hizo nazo ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila saa ya kengele ilitengenezwa iwe rahisi, ikauzwa kwa mfanyakazi, na bado leo unaweza kuifungua mezani kwako kwa bisibisi tatu na kibano, ukaielewa yote, ukaifufua.

Urahisi wake una asili mbili. Ya kwanza ni Georges Frédéric Roskopf wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi, aliyetoa mwaka 1867 saa ya mfukoni iliyokusudiwa mtu wa kipato kidogo. Badala ya nanga, kile kipande kinachoachia magurudumu jino kwa jino, yenye vito vilivyochongwa kwa ustadi, alitumia nanga yenye vipini viwili vya feleji vilivyosimama wima. Nanga ya vipini ndiyo iliyokuja kutawala saa za kengele karibu zote. Ya pili ni Charles Stahlberg, ambaye mwaka 1885 huko Peru, jimbo la Illinois, Marekani, alianzisha utengenezaji wa pinioni, yaani vigurudumu vidogo vya meno, kwa kumimina aloi ya risasi kwenye kalibu badala ya kuzichonga moja moja. Kampuni ya mwanzo haikudumu, njia ikadumu, na kutoka hapo ikakua Western Clock, ambayo dunia inaijua kwa jina la Westclox.

Sasa turudi kwenye ncha. Katika saa ya mkono iliyo nzuri, mhimili wa balansi una ncha nyembamba zilizonyooka zinazozunguka ndani ya vito. Katika saa ya kengele ya kawaida mhimili umechongwa pande zote mbili mfano wa penseli, na kila ncha inakaa ndani ya kishimo kilichochimbwa mwishoni mwa skrubu. Hakuna kito. Ni feleji juu ya feleji, na tone la mafuta katikati. Saa nyingi za aina hii hupiga mara 14,400 kwa saa moja, yaani 345,600 kwa siku, na kwa mwaka inapita milioni 126. Mafuta yakikauka, ncha inasagika na kuwa butu, kishimo kinatoboka pembeni, na balansi iliyokuwa ikizunguka kwa uhuru sasa inajikokota.

Ugonjwa huu unaweza kuupima sokoni bila kufungua chochote. Tia ufunguo mizunguko miwili tu, izungushe saa kidogo mkononi ili kuiamsha, kisha isikilize ikiwa imelala kifudifudi. Halafu isimamishe. Ikilala, uzito wote wa balansi unakaa juu ya ncha moja na msuguano ni mdogo. Ikisimama, ncha zote mbili zinaegemea kuta za vishimo. Saa inayopiga kwa nguvu ikilala na kufifia au kufa ikisimama inakuambia wazi kwamba ncha au vishimo vimekwisha. Inayokufa kila mkao mara nyingi ni chafu tu, na uchafu ni habari njema.

Funguo nazo husema. Ukizungusha, unatakiwa usikie mkwaruzo wa meno na ufunguo ubaki pale ulipouacha. Ukirudi nyuma kila ukiachia, kikwamizi, kile kidole kinachozuia meno yasirudi, kimevunjika au kimelegea. Ukizunguka bila mwisho na bila uzito, kamani imekatika. Zungusha kitufe cha mishale: kiwe na ukinzani laini. Kikizunguka kama hakikushika kitu, kile kiungo cha msuguano kinachobeba mshale wa dakika kimelegea, na saa itapiga vizuri huku mishale ikichelewa. Mwisho iwekee kengele, peleka mishale mbele polepole, usikie inapoachia. Kitufe cha kengele nyingi huzungushwa upande mmoja tu, ule wa mshale uliochorwa. Wengi hukilazimisha kurudi nyuma na kuharibu gurudumu lake.

Ukiridhika, ndipo utazame uso. Uso wa karatasi wenye madoa ya maji hausafishiki. Ukiupangusa kwa kitambaa kibichi tarakimu zinaondoka. Nikeli iliyochubuka hadi shaba ikaonekana itabaki hivyo, na mimi naipenda hivyo kuliko kasha lililopakwa upya. Jihadhari na nyuso mpya zenye nembo za reli au vinywaji zilizochapishwa juzi na kubandikwa kwenye mashine ya zamani. Dalili ni wino mkali mno, karatasi nyeupe mno, na tundu la katikati lisilolingana na mhimili wa mishale.

Kufungua kuna utaratibu wake. Funguo hutoka kwa kuzungushwa kinyume cha upande wa kutia, ndiyo maana hazifunguki zenyewe mtu akiijaza saa. Vitufe vya mishale na kengele kwa kawaida huvutwa moja kwa moja. Ondoa skrubu au nati za mgongo. Katika Big Ben na Baby Ben za awali, saa za kengele za Westclox, mgongo wenyewe ndio kengele, kwa hiyo usiukunje wala kuubana, la sivyo sauti inakufa.

Kabla ya kutenganisha mabamba, toa nguvu yote kwenye kamani. Hapa sitanii, kwa sababu kamani za saa nyingi za kengele haziko ndani ya pipa. Ziko wazi, na utepe wa feleji ukifyatuka unakata kidole na kupinda magurudumu kwa pigo moja. Upande wa kengele ni rahisi: iache ilie mpaka iishe. Upande wa saa, kama bado inatembea, iache itembee mpaka isimame. Kama imekwama, vaa glavu, rudisha ufunguo mahali pake, ushike imara, inua kikwamizi kwa ncha ya bisibisi, uache ufunguo uzunguke ndani ya kiganja nusu mzunguko, kikwamizi kirudi, kisha tena, mpaka uzito uishe kabisa. Usitoe nanga ili nguvu iishe haraka. Magurudumu yatazunguka kwa kasi kubwa na ncha zitapinda.

Balansi hutoka kwanza, na kazi hii ndiyo inayotenganisha mwenye subira na asiye nayo. Kamani yake ndogo, ile nyembamba iliyojiviringisha, imeshikwa kwa nje na kipini kidogo kilichochongoka kilichosukumwa ndani ya tundu la kishikio. Kabla ya kukigusa, tia nukta ndogo ya wino mahali kamani inapotokea upande wa pili wa kishikio. Nukta hiyo ndiyo itakayokuambia urefu ule ule wakati wa kurudisha. Bila hiyo saa itawahi au kuchelewa dakika nyingi kwa siku, na mapigo yatachechemea. Sukuma kipini kitoke, telezesha kamani nje ya vijiti viwili vya kirekebishi, legeza skrubu moja tu ya kishimo, na balansi itatoka mkononi. Skrubu ya pili iache ilivyo. Ndiyo kumbukumbu yako ya kimo.

Zitazame ncha kwa lenzi inayokuza mara 10. Ncha nzima ni kali na inang'aa sawasawa. Iliyochakaa ina kichwa bapa au pete ya mkwaruzo. Fundi saa mwenye kerezo ndogo ataichonga upya kwa jiwe laini la mafuta kisha ataing'arisha. Kazi hiyo inawezekana pia kwa kushika mhimili kwenye kishikio cha mkono na kuuzungusha taratibu juu ya jiwe, ila ukipoteza pembe ya asili umepoteza mhimili. Kishimo kilichotoboka hakichongwi, skrubu inabadilishwa kutoka saa nyingine ya aina hiyo. Kwa sababu hiyo saa mbovu ya shilingi chache, iliyovunjika kasha na uso, isiachwe sokoni kama mashine yake ni ndugu ya uliyo nayo.

Kusafisha mabamba na magurudumu hakuhitaji mitambo. Nusu lita ya maji ya moto, kijiko kidogo cha sabuni ya maji na mililita 50 hivi za amonia ya nyumbani vinatosha. Fanyia kazi hii mahali penye hewa. Loweka dakika 10, piga brashi laini, suuza, kisha pitisha kwenye spiriti na kausha mara moja kwa hewa ya moto. Usisahau vitu kwenye amonia usiku kucha, kwani shaba iliyobeba mkazo hupasuka. Balansi na kamani yake zisiingie humo; zioshe peke yake kwa petroli ya kujazia viberiti. Na kama saa yako ni ya daraja la juu, yenye nanga ya vito, usiiloweke nanga kwenye spiriti, kwa sababu vito vimeshikwa kwa gundi iitwayo shellac inayoyeyuka humo.

Baada ya hapo chukua vijiti vya meno, uvichonge, na uzungushe kimoja ndani ya kila tundu mpaka kitoke cheupe. Hatua hii wengi huiruka. Uchafu mweusi uliobaki kwenye ukuta wa tundu ni mafuta yaliyochanganyika na unga wa shaba, na ni kama msasa: utakula ncha ndani ya miezi. Hapo hapo angalia kama matundu yamekuwa na umbo la yai, hasa yaliyo karibu na kamani, maana huko ndiko shinikizo lilipo. Tundu lililotanuka huhitaji kuwekewa bushi, yaani kipete kipya cha ndani, na hiyo mpelekee fundi.

Mafuta yawe ya saa, kwa mfano Moebius D5 kwa matundu makubwa. Yawekwe kwa ncha ya sindano, tone lisilofika nusu ya kile kisahani kinachozunguka tundu. Likijaa hadi kwenye bamba, mvuto wa bamba hulinyonya lote na tundu kubaki kavu. Meno ya magurudumu hayapakwi kitu. Vipini vya nanga vipate alama tu ya mafuta, vishimo vya balansi tone dogo kila kimoja, kamani kubwa grisi nyembamba. Mafuta ya nazi, ya kupikia na ya cherehani yaachie kazi zake. WD-40 si mafuta ya saa: saa itaamka kwa siku chache, halafu itakwama kwa utando. Na yoyote kati ya hayo yakigusa kamani ndogo, mizunguko yake hunatana, kamani inafanya kazi kama fupi, saa inakimbia mno. Saa inayokimbia hivyo ghafla ikaguliwe mambo mawili tu, mafuta kwenye kamani ndogo au sumaku. Weka dira karibu na balansi inayotembea. Sindano ikicheza pamoja nayo, ina sumaku, na kifaa cha kuondoa sumaku kinamaliza shida kwa sekunde.

Unaporudisha balansi, kaza skrubu ya kishimo kidogo kidogo, moja ya nane ya mzunguko kila mara, huku ukiigusa balansi kwa kibano. Iwe na mchezo unaoonekana kwa shida juu na chini. Ikibanwa haitembei, ikilegezwa mno inayumba na kila mkao unakuwa na mwendo wake. Kamani ndogo iwe bapa, mizunguko isigusane, ipite katikati ya vijiti vya kirekebishi bila kuegemea upande. Kamani kubwa ikijazwa, balansi yenye afya inazunguka karibu nusu duara au zaidi kila upande. Sikiliza: mapigo yawe sawa kama hatua za mtu asiyechechemea.

Mishale ina siri yake ndogo. Zungusha mhimili mpaka kengele iachie, simama hapo hapo. Sasa weka mshale wa kengele na mshale wa saa kwenye tarakimu ile ile, na wa dakika kwenye 12. Ukiirudisha mishale bila kusubiri kuachia, kengele italia nusu saa kabla au baada ya wakati, na utadhani mashine ina kasoro. Kumbuka pia gurudumu la kengele lina saa 12 tu: ukiiweka kwenye 5 ili ikuamshe saa kumi na moja alfajiri, italia pia saa kumi na moja jioni kama haikuzimwa.

Kuhusu nini cha kutafuta, ninapendelea kuanza na Baby Ben. Ni ndogo na imara, na vipuri vyake viko kila mahali kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Westclox mara nyingi iligonga mwezi na mwaka kwenye mashine au ndani ya kasha, hivyo hubahatishi umri. Miaka ya 1930 umbo la Big Ben lilipitia mikononi mwa Henry Dreyfuss, msanifu yule yule wa simu nyeusi za mezani za Bell. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kingine kilifunguliwa Dumbarton, na ndiyo maana nyuso nyingine zimeandikwa kuwa zimetoka Scotland. Adimu kidogo ni Waralarm. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha saa za kengele za kiraia ili kuokoa chuma. Wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakawa wanachelewa kazini, na mwaka 1943 ikaruhusiwa saa yenye kasha la nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Kasha hilo haliwezi maji kabisa. Ukipata lisilopasuka, lipanguse kwa kitambaa kikavu na usifanye kingine.

Junghans wa Schramberg, Msitu Mweusi wa Ujerumani, wana nyota yenye herufi J ndani. Kwenye saa zao nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 kuna alama ndogo kama B12: A ni nusu ya kwanza ya mwaka, B ni ya pili, na tarakimu ni mwaka, kwa hiyo hiyo ni ya nusu ya pili ya 1912. Jaz na Bayard za Ufaransa zina makasha mazuri kuliko wengine wote, kwa maoni yangu. Slava ya Moscow yenye vito 11 inatunza wakati kwa namna inayoshinda bei yake, kwani ina nanga ya vito. Zile za Shanghai zenye kuku anayedonoa kila pigo zinapendeza, lakini nyingi zilizopo sokoni ni mpya zilizotengenezwa kwa sura ya zamani.

Lipo jambo moja zito. Rangi ya kung'aa gizani kwenye saa za kabla ya miaka ya 1960 kwa kawaida ina madini ya mionzi, yaani radiamu. Huko Ottawa, Illinois, karibu na kiwanda cha Westclox, wasichana wa kampuni ya Radium Dial walipaka nyuso za saa hizi huku wakichongoa brashi kwa midomo, kama walivyofundishwa. Wengi waliugua mifupa na taya, wakafa. Mmoja wao, Catherine Donohue, alishinda kesi yake mwaka 1938 akiwa mgonjwa wa kitandani, akafa mwaka huo huo. Unapoishika Baby Ben yenye tarakimu za rangi ya krimu iliyogeuka kahawia, huenda unashika kazi ya mikono hiyo. Rangi hiyo haing'ai tena kwa sababu kemikali ya kung'aa imechoka, lakini radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo ipo. Usiikwangue, usiipige brashi, usiipulizie. Nyuma ya kioo kizima saa hiyo inakaa kabatini bila shida. Kioo kikivunjika, uso usiguswe kwa mikono mitupu, na usile mezani pa kazi. Usilaze kadhaa pamoja chumbani unamolala.

Pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Kamani ndogo na ncha za feleji hupata kutu kabla kasha halijaonyesha dalili. Saa zisizotembea zitunzwe kwenye sanduku linalofunga, pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu vibadilishwe mara kwa mara, na kamani zao zikiwa zimelegezwa.

Kurekebisha mwendo ni kazi ya wiki, si ya jioni moja. Itie ufunguo saa ile ile kila siku, kwa sababu kamani iliyojaa na iliyochoka hazisukumi sawa, na iache ikisimama kama itakavyotumika. Linganisha na simu baada ya saa 24, ndipo uguse kirekebishi: F au A kwa kuharakisha, S au R kwa kuchelewesha, upana wa unywele kila mara. Kuwahi au kuchelewa dakika mbili kwa siku kwa nanga ya vipini ni mwendo mzuri. Kirekebishi kikifika mwisho na bado inachelewa, rudi kwenye ile nukta ya wino: kamani imeshikwa ndefu mno, ivute kidogo kupitia kishikio na uanze hesabu upya.